Mita 800 na 1500: Mwongozo Kamili wa Kuvuka Mchujo Hadi Fainali ya Mashindano ya Kimataifa ya Vijana

Kila mashindano makubwa ya vijana yanapoisha, makocha hurudi na swali lilelile: kijana alifika akiwa miongoni mwa wenye muda bora kwenye orodha, imekuwaje ameishia mchujo? Mara nyingi tatizo halikuwa mapafu wala miguu. Alijiandaa kukimbia mbio moja ya kasi, akakuta mbio mbili au tatu ndani ya siku chache, hakuna wa kumwekea kasi mbele, na wapinzani wake hawajali saa inasema nini.

Mwongozo huu unafuata kazi yote kwa mpangilio, kuanzia kanuni za kupita raundi hadi meza ya vipimo vya dawa. Mifano ya muda ni ya mvulana wa 1:48 (mita 800) na 3:40 (mita 1500), na msichana wa 2:04 na 4:15. Kama muda wako ni tofauti, ongeza au punguza kwa uwiano.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Kwanza umri. Mashindano ya Dunia ya chini ya miaka 20 humpokea mwanariadha ambaye tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano atakuwa na miaka isiyopungua 16 na isiyozidi 19. Tarehe ya kuzaliwa kwenye pasipoti ifanane herufi kwa herufi na ile iliyotumwa na chama chako cha riadha. Tofauti ndogo ya jina au tarehe irekebishwe miezi kadhaa kabla. Ukifika mezani kwa usajili, muda umeshapita.

Kisha begi:

- Viatu vya misumari, jozi mbili. Vyote uwe umeshavifanyia mazoezi magumu angalau mara tatu. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 soli ya kiatu cha uwanjani haitakiwi kuzidi unene wa milimita 20, na aina ya kiatu lazima iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa na World Athletics, shirikisho la riadha duniani.
- Misumari ya akiba na ufunguo wake. Kanuni inaruhusu isiyozidi 11 kwa kiatu, na urefu usiozidi milimita 9 kwenye njia ya kukimbilia iliyotengenezwa kwa mpira (sintetiki). Viwanja vingi huweka kikomo kifupi zaidi, kwa hiyo beba na ya milimita 5 au 6.
- Sare rasmi za timu, seti mbili. Fulana ya mazoezi yenye rangi za taifa haihesabiki.
- Pini nane. Namba ya kifuani haikunjwi, haikatwi wala haifunikwi.
- Ratiba na kanuni za mashindano, zilizochapishwa kwenye karatasi.
- Chakula na kinywaji ulichozoea cha siku mbili za kwanza, kama sheria za forodha zinaruhusu.
- Orodha ya kila dawa na kirutubisho ulichotumia wiki mbili zilizopita, na kibali cha matibabu (ruhusa ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu za kiafya) kama unacho.

Viatu na sare za mbio visiingie kwenye begi la mizigo ya ndege. Vikae kwenye begi unaloingia nalo. Begi kubwa likipotea, bado utakimbia.

## Hatua ya 1: Soma kanuni ya kupita kabla ya kupanga mbio

Kwenye matokeo, Q kubwa ni aliyepita kwa nafasi na q ndogo ni aliyepita kwa muda. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua utakimbiaje.

Tuseme kanuni inasema watatu wa kwanza wa kila kundi wanapita, na wanne wenye muda bora kati ya waliobaki. Ukiwa kundi la kwanza, nafasi ya muda ni kamari, maana makundi yanayofuata yataona muda wako na kujua wanachotakiwa kuvuka. Lenga tatu bora. Ukiwa kundi la mwisho, mwombe kocha akupe namba moja tu kabla hujaingia chumba cha wito, mahali wakimbiaji wanapokusanywa na kukaguliwa kabla ya mbio: muda wa mtu wa mwisho anayeshikilia nafasi ya q.

Kwenye mita 1500 mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Katika Mashindano ya Dunia ya Budapest 2023, wa mita 1500 walipita kwa nafasi pekee, sita wa kwanza kila kundi. Kanuni ikiwa hiyo, mbio za polepole haziwezi kukuondoa kwa sababu ya saa. Kinachoweza kukuondoa ni kuwa wa saba, na anayeongoza kwa kasi kali akitafuta muda mzuri anawabeba bure watu kumi na wawili.

Angalia pia nafasi kati ya raundi. Kanuni inataka angalau dakika 90 kati ya raundi kwa mbio za zaidi ya mita 200 hadi 1000, na mbio zinazozidi mita 1000 hazina raundi mbili siku moja.

Onyo: ukiwa umesajiliwa mbio mbili, usiingie moja ukatembea ili kuhifadhi miguu kwa nyingine. Mwamuzi akiona hukushindana kwa nia ya kweli anaweza kukutoa kwenye mashindano yote.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja unachohitaji: "Niko kundi la tatu kati ya matano, nahitaji nafasi ya tatu."

## Hatua ya 2: Uzoeze mwili raundi, si mbio moja (wiki ya 6 hadi ya 2 kabla)

Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Mazoezi yao yote yamejengwa kwa ajili ya siku moja ya kasi, halafu siku ya pili ya mashindano miguu inakuwa mizito na wanadhani wanaumwa. Fanya mzunguko huu mara mbili, ukiacha siku kumi kati yake:

1. Siku ya kwanza, asubuhi: mita 600 kwa kasi ya 800 (mvulana sekunde 80 hadi 81, msichana 92 hadi 93), pumzika dakika 8, kisha mita 300 kwa kasi zaidi ya hapo.
2. Siku ya pili, jioni: mita 400 mara mbili kwa kasi ya 800, mapumziko ya dakika 6.
3. Siku ya tatu: dakika 25 za kukimbia polepole na mbio fupi nne za kufungua miguu.
4. Siku ya nne, jioni: mita 600 kwa kasi ileile ya siku ya kwanza, dakika 8, kisha mita 200 kwa nguvu zote.

Saa za mazoezi zinabadilishwa makusudi. Mchujo huwa asubuhi na fainali jioni, na mwili uliozoea kukimbia saa moja tu hushtuka.

Kwa wa 1500, ongeza mara moja kwa wiki zoezi la kubadili kasi: mita 1200 mara mbili, mapumziko dakika 10. Mita 800 za kwanza ni taratibu (mvulana 2:10 hadi 2:14, msichana 2:28 hadi 2:32), na mita 400 za mwisho ni kali (mvulana 55 hadi 56, msichana 63 hadi 64). Kasi ibadilike ndani ya hatua tano au sita. Ukipanda kidogo kidogo kwa mita 100, umefanya zoezi jingine.

Zoezi hilo lifanywe na wenzako watatu au wanne wakiwa wamekuzunguka. Mmoja mbele, mmoja begani kulia, mmoja nyuma. Mtu aliyezoea kukimbia peke yake hushtuka akiguswa kiwiko, mabega yanapanda, hatua inafupika, na pumzi inamkatika kabla ya wakati.

Utajua umefanikiwa mita 600 za siku ya nne zikiwa hazijazidi zile za siku ya kwanza kwa zaidi ya sekunde moja.

## Hatua ya 3: Siku kumi za mwisho

Punguza umbali wa wiki kwa takriban nusu. Kasi usiipunguze. Zoezi la mwisho kali liwe siku ya tano au ya sita kabla ya mchujo, na liwe fupi: mita 500 kwa kasi ya mbio, kisha mita 200 mara mbili. Baada ya hapo ni kukimbia polepole na kufungua miguu.

Miguu itakuwa na hamu ya kukimbia na akili itakuambia umepunguza mno. Zoezi la ziada siku ya tatu kabla ya mbio haliongezi chochote kitakachoonekana siku ya mbio, ila uchovu.

Kama mashindano yako mbali, hesabu takriban siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti ya majira. Ukifika, kula na lala kwa saa za huko kuanzia siku ya kwanza, hata kama macho hayataki.

## Hatua ya 4: Chakula, maji na dawa

Mlo wa mwisho wa kushiba uwe saa tatu hadi nne kabla ya mbio: wanga wa kutosha, mafuta kidogo, nyuzinyuzi kidogo. Saa moja na nusu kabla, kitu kidogo tu kama bado unahisi tumbo tupu. Sheria hapa ni moja: usile wala usinywe siku ya mbio kitu ambacho hujawahi kukila kabla ya zoezi kali. Magadi ya kupunguza asidi, ambayo wakimbiaji wakubwa wengine hutumia, huwaharisha wengi wanaoyajaribu kwa mara ya kwanza.

Dawa zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kanuni inakuhesabu mwenye kosa kwa chochote kinachokutwa mwilini mwako, hata kama ulipewa na mtu unayemwamini. Kipindi cha "ndani ya mashindano" huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio zako, na kuna dawa zinazoruhusiwa nje ya kipindi hicho lakini si ndani yake:

- Dawa za mafua zenye pseudoephedrine.
- Vidonge na sindano za kotikosteroidi.
- Tramadol, tangu mwaka 2024.

Mwenye pumu anaweza kutumia salbutamol ya kuvuta, isiyozidi mikrogramu 1600 kwa saa 24 wala mikrogramu 600 kwa saa 8. Lolote nje ya hapo, muulize daktari wa timu kabla ya kumeza. Kirutubisho chochote cha kopo kinaweza kuwa na kitu kisichoandikwa kwenye lebo. Kijana wa umri huu anayekula vizuri hakihitaji.

## Hatua ya 5: Kupasha mwili na chumba cha wito

Hesabu kurudi nyuma kutoka mlio wa bunduki. Mfano huu unachukulia kwamba chumba cha wito kinafungwa dakika 25 kabla ya mbio. Rekebisha kulingana na ratiba yako.

1. Dakika 75 kabla: kukimbia polepole dakika 12 hadi 15.
2. Dakika 58 kabla: mazoezi ya viungo na ya kuinua magoti, dakika 12. Usivute misuli na kuishikilia muda mrefu.
3. Dakika 45 kabla: vaa viatu vya misumari. Mbio fupi nne za mita 60 hadi 80, kila moja kali kuliko iliyopita.
4. Dakika 35 kabla: mita 200 moja kwa kasi ya mbio (mvulana wa 800 sekunde 27, msichana 31).
5. Dakika 28 kabla: choo, maji mafunda mawili, ingia chumba cha wito.

Hiyo mita 200 ndiyo wengi huiacha kwa kuogopa kuchoka. Kazi yake ni kuamsha mfumo wa hewa mapema, ili mwili usianze mbio ukiwa bado umelala. Ukiiacha, mita 300 za kwanza zitakuwa za kuhema.

Ndani ya chumba cha wito watakagua namba, sare, viatu, misumari na begi. Simu, vipokea sauti na kifaa chochote cha mawasiliano vitazuiliwa, kwa hiyo mwachie kocha kabla ya kuingia. Utabandikwa namba ya nyonga. Ibandike mwenyewe upya kama imekaa kwenye mkunjo, kwa sababu ikidondoka katikati ya mbio itakukera.

Halafu mtakaa. Dakika 15 au zaidi, kwenye viti, kimya, kila mtu akimwangalia mwenzake kwa pembeni. Mwili unapoa hapa. Baki na suruali ya joto, simama kila baada ya dakika tatu, inua magoti mahali ulipo. Ukitolewa uwanjani, mbio fupi mbili za mita 50 zinatosha.

Onyo: ukichelewa chumba cha wito, jina lako linaandikwa kama hukuanza, na sababu ya basi la timu kuchelewa ni nadra kukubaliwa.

## Hatua ya 6: Mchujo wa mita 800

Kuanza. Amri ni moja, "kwenye mistari yenu", kisha bunduki. Mikono isiguse chini. Ukianza kabla ya mlio umetolewa, hakuna onyo la kwanza. Simama huku uzito ukiwa mguu wa mbele, na utulie.

Mita 100 za kwanza, ndani ya leni. Mvulana sekunde 13 hivi, msichana 14.5. Usimtazame aliye leni ya nje. Mpangilio wa kuanzia unadanganya macho mpaka mwisho wa kona.

Kuvuka mstari wa kutokea leni. Ni mstari uliopinda, wenye vibao vidogo vya rangi kwenye makutano. Ukikanyaga leni ya ndani kabla yake unaondolewa. Baada yake, usikate ghafla kwenda ndani. Sehemu iliyonyooka ya nyuma ina takriban mita 84. Ukiivuka kwa mshazari kutoka leni ya 8 hadi mwanzo wa kona inayofuata, unaongeza chini ya nusu mita. Ukikata kwa haraka unagongana na watu saba wanaotaka nafasi hiyohiyo, na hapo ndipo watu huanguka.

Mita 200 hadi 400. Nafasi nzuri ni ya pili hadi ya nne, kwenye ukingo wa nje wa leni ya kwanza, bega lako likiwa nyuma kidogo ya bega la aliye mbele. Unamwona kiongozi na una njia ya kutokea. Usikimbie kona nzima ukiwa leni ya pili. Leni ina upana wa mita 1.22, na kukaa leni moja nje kwa kona nzima kunakuongezea karibu mita 3.8. Kwa mvulana wa 1:48 hiyo ni nusu sekunde. Baada ya kutoka leni zinabaki kona tatu, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Kengele, inayolia ukianza mzunguko wa mwisho. Mvulana apite kati ya sekunde 53 na 54, msichana 60.5 hadi 61.5. Mzunguko wa pili kuwa wa polepole kidogo si aibu. David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya 1:40.91 London 2012, mzunguko wa kwanza ulikuwa 49.28 na wa pili 51.63. Kama kundi limepita kwa 56, jua mita 300 za mwisho zitakuwa kali na usogee sasa.

Mita 400 hadi 600. Hapa ndipo mbio zinapopotea kimya kimya. Kasi inashuka, kundi linabanana, na kijana anapumzika ndani kwa sababu panajisikia vizuri. Ghafla kuna mgongo mbele, bega kulia, ukingo kushoto na mtu nyuma. Umezibwa. Wa mbele wakifyatuka, wewe unatazama.

Dawa ya kuzibwa ni kutoka mapema. Legeza nusu hatua, mwache wa kulia apite, toka nyuma yake, panda. Ukifanya hivyo ikiwa zimebaki mita 350, inakugharimu hatua mbili. Ikiwa zimebaki mita 120, imekugharimu raundi. Usisukume. Kusukuma au kumziba mwenzako kunaweza kukuondoa hata kama umeshinda.

Mita 200 za mwisho. Ukifika hapa uwe ndani ya nafasi nne za kwanza na ukiwa tayari umeongeza kasi. Wengi husubiri mnyooko wa mwisho, lakini kwenye kona ndiko mpinzani anakoondoka. Ukiwa huna nafasi ya kupita kwenye kona, shikilia begani na upite mara mnyooko unapoanza.

Mstari. Kinachohesabika ni kiwiliwili, si kichwa wala mkono. Inama hatua ya mwisho, si hatua tano kabla. Na usilegeze mita 10 za mwisho ukidhani umepita: nafasi ya nne inayokuja kwa nguvu hutaiona.

Ukingo wa ndani. Kukanyaga mstari au ukingo wa ndani mara moja kwenye kona, bila kupata faida wala kumzuia mtu, hakukuondoi tena. Lakini kosa hilo linabebwa hadi raundi zinazofuata za mbio hizohizo. Ukilifanya kwenye mchujo na kulirudia fainali, umetoka. Muulize meneja wa timu kama limeandikwa.

Ukianguka au kuangushwa, simama umalize. Mwamuzi anaweza kumpeleka raundi inayofuata aliyezuiliwa na mwenzake, lakini kwa kawaida anataka kuona kwamba ulimaliza mbio kwa juhudi. Vijana wanaokaa chini wakilia huikosa haki ambayo ilikuwa yao.

## Hatua ya 7: Mchujo wa mita 1500

Mbio huanza na mita 300, kisha mizunguko mitatu kamili, na kengele inalia ukiwa umekimbia mita 1100. Hakuna leni, kwa hiyo mita 80 za kwanza ni za kutafuta nafasi: anza kwa nguvu kidogo kuliko unavyohitaji, ingia kwenye ukingo wa nje wa leni ya kwanza, kisha tulia.

Mizunguko miwili ya kwanza mara nyingi huwa ya polepole, na kosa kubwa hapa ni kukaa wa kumi ndani ukingojea. Watu kumi wamejipanga kwa mita 12 hivi. Wakifyatuka kwa mzunguko wa sekunde 54, wewe unahitaji 52 na njia safi, navyo huwezi kuvipata pamoja.

Panga hivi: mita 700 uwe ndani ya nane bora, mita 1000 uwe ndani ya tano, na kengele ikilia usiwe na mtu kulia kwako. Kila kusogea kufanyike kwenye sehemu iliyonyooka, maana kwenye kona unalipa kwa mita.

Kama kanuni ni ya nafasi sita, nafasi ya tatu kwenye mnyooko wa mwisho inatosha. Tazama kushoto na kulia mara moja, hesabu, ukishajua uko salama endelea kwa kasi hiyohiyo bila kuongeza. Nguvu unayobakiza ni ya fainali.

## Hatua ya 8: Saa za katikati ya raundi

Raundi ya pili huanza dakika unayovuka mstari.

Tembea, pita kwa waandishi wa habari kwa dakika tatu au nne, kisha kimbia polepole dakika 10 hadi 15. Ndani ya nusu saa anza kula wanga: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa saa chache za mwanzo kama raundi inayofuata iko karibu. Kijana wa kilo 58 anahitaji gramu 60 hadi 70 kwa saa. Ongeza protini gramu 20 hivi. Kunywa kidogo kidogo, pamoja na chumvi, mpaka mkojo urudi rangi hafifu.

Maji ya barafu yatumie tu kama ulishayatumia nyumbani. Masaji iwe nyepesi, maana kukandwa kwa nguvu huacha miguu ikiuma kesho yake.

Kilichobaki ni usingizi na kukaa bila miguu kufanya kazi. Kijana aliyevuka mchujo hupokea simu na ujumbe usiku kucha, anatembea kijijini kwa wanariadha kubadilishana fulana, kisha anaingia nusu fainali akiwa amepoteza saa tatu za kulala. Kocha achukue simu jioni, kwa makubaliano yaliyofanywa kabla ya safari.

Utajua umefanikiwa ukikimbia dakika 15 polepole asubuhi ya siku inayofuata na miguu ikafunguka kabla ya dakika ya kumi.

## Hatua ya 9: Fainali

Andaa mipango miwili iliyoandikwa, kwa sababu fainali huja kwa sura mbili.

Fainali ya polepole. Mmarekani Matthew Centrowitz alishinda mita 1500 za Olimpiki ya Rio 2016 kwa 3:50.00, akiwa mbele sehemu kubwa ya mbio, na mzunguko wa mwisho ulikuwa chini kidogo ya sekunde 51. Alikaa ndani akiongoza, na kila aliyetaka kumpita alilazimika kupita nje kwenye kona. Mbio zikiwa polepole na mbele pako wazi, chukua uongozi. Hakuna upepo wa kukuchosha kwa kasi hiyo, na hakuna wa kukuziba.

Fainali ya kasi. Mmarekani Cole Hocker alishinda mita 1500 za Olimpiki ya Paris 2024 kwa 3:27.65. Jaribio lake la kwanza la kupita ndani lilifungwa. Hakukata tamaa wala kusukuma, na kwenye mnyooko wa mwisho kiongozi aliposogea nje, nafasi ya ndani ikafunguka akaingia. Kasi ikiwa kali, kazi yako ni kubaki umeshikana na wa mbele mpaka mita 200 za mwisho. Pengo la mita 5 kwenye mita 1100 halizibiki kirahisi.

Kwenye 800 ya vijana, tegemea kasi tangu mwanzo. Emmanuel Wanyonyi alishinda taji la dunia la chini ya miaka 20 Nairobi mwaka 2021 kwa 1:43.76 akiwa na miaka 17. Ukiwa mtu wa 1:48 ukamfuata wa aina hiyo kwa kengele ya 50, utamaliza wa mwisho. Kimbia kengele yako ya 53, kisha wavune wanaokufa mita 150 za mwisho. Hao huwa wawili au watatu, na medali ya shaba mara nyingi iko miongoni mwao.

## Hatua ya 10: Baada ya mstari

Malalamiko hupelekwa kwa mwamuzi kwa mdomo, na wewe mwenyewe au meneja wako, ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi. Mkikataliwa, rufaa kwa jopo huandikwa na kusainiwa, tena ndani ya dakika 30, ikiambatana na amana ya dola 100 za Marekani. Meneja awe na pesa hizo taslimu uwanjani. Mweleze mambo matatu tu: mita ngapi, namba ya nyonga ya nani, na alifanya nini.

Vipimo vya dawa. Ukiarifiwa, msimamizi hatakuondoa machoni pake mpaka umalize. Kama una umri wa chini ya miaka 18, ingia na mtu mzima wa timu. Kinachohitajika ni mililita 90 za mkojo kwa uchache. Usinywe lita mbili za maji ili uharakishe: mkojo ukiwa mwepesi mno watakudai tena, na utakaa hapo usiku. Kunywa chupa uliyoichagua na kuifungua mwenyewe. Chagua mwenyewe kifaa cha sampuli, hakikisha muhuri haujaguswa, na soma namba za chupa ukilinganisha na fomu, tarakimu moja moja. Andika kila dawa kutoka kwenye ile orodha yako ya wiki mbili. Usisaini mpaka nafasi ya maoni iwe imejazwa au imepigwa mstari, na usitoke bila nakala yako.